Jina la Bibi wa Nguzo

Chongowe,
14 Januari 2024

Mdogo wangu Sabiri,

Salamu zikufikie wewe, mkeo Kazija na wote mnaolala chini ya paa moja hapo Wete. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Goti langu la kulia limerudi kuuma, lakini nimelizoea. Binti yangu Nasra kajifungua mtoto wa tatu, wa kiume tena, na anasema bado anamtafuta wa kike. Nimemwambia atafute, mimi sitalea.

Najua utashangaa kuletewa karatasi zama hizi za simu. Uliponikatia simu siku ile tulipobishana hitma ya mama isomwe kwenu au kwetu, niliapa mbele ya Nasra kwamba sauti yako sitaisikia tena kwenye simu mpaka uje mwenyewe mlangoni kwangu uniombe radhi. Kiapo nimekigeuza huku na huku, nikaona karatasi haina sauti. Basi ndiyo hii, anakuletea Hija, yule mama wa dagaa anayevuka kila baada ya wiki mbili tatu. Nawe unijibu kwa mkono huohuo.

Sasa neno lenyewe. Tahiri, yule mkwewe Mzee Sele, amejenga tanuu la chokaa upande wa kaskazi wa magofu, hatua mia mbili tu kutoka msikiti wa kale. Zamani chokaa ikichomwa kwa magogo. Huyu anachoma matumbawe kwa matairi ya magari. Akiwasha, siku mbili nzima hatuanui nguo zikiwa nyeupe. Moshi ni mzito, unatambaa chini, na kwa upepo wa miezi hii unakwenda moja kwa moja makaburini.

Ijumaa nilikwenda kufagia kama kawaida. Nikaishika nguzo ya kaburi la Bibi wa Nguzo ili ninyanyuke, goti lilikuwa limekaza. Mkono ukarudi mweusi, kama niliyeshika sehemu ya chini ya sufuria. Nikafuta kwa kanga, na lipu ikabanduka ikaanguka miguuni pangu, kipande sawa na chapati. Sabiri, nilikaa chini mchangani. Miaka arubaini nafagia pale na sijapata kuona kipande kinaanguka mbele ya macho yangu.

Na lile paji la maandishi chini ya nguzo, ambalo baba akituambia kwamba jina la Bibi limo humo na siku akija mwenye kuujua mwandiko ule atalisoma, sasa halionekani kabisa. Ni jeusi tii.

Nikamfuata Tahiri. Akaniambia, "Bi Semeni, mie nimepewa mahali nikakaa. Mwenye eneo anajua, muulize yeye." Nikamuuliza mwenye eneo ni nani, akaanza kuhesabu matairi. Eneo lile ni la baba, nusu yangu na nusu yako, na nusu yangu ni ile yenye minazi. Pengine yuko mtu amejifanya mwenye mali. Nakuuliza kwa upole, mdogo wangu, unamjua?

Dada yako,
Semeni

*

Wete,
2 Machi 2024

Dada Semeni, shikamoo.

Natumai u mzima na goti limepata nafuu. Kazija anakusalimu sana, presha yake imetulia tangu aache chumvi, ingawa anaitafuta kwa macho kila tukikaa kula. Suhaila wetu bado yuko Dar es Salaam kwenye ile maabara ya kupima maji, anasema Idd atakuja. Hongera kwa mjukuu. Karafuu mwaka huu si nyingi lakini zimekauka vizuri.

Barua yako ilichelewa kunifikia, Hija aliiweka ndani ya kikapu cha mtu mwingine. Nisamehe.

Mimi nimezama kwenye kazi ya msikiti wa mtaa wetu. Ule wa zamani uliotaka kuanguka tunaunyanyua upya, na wazee wamekataa saruji katakata. Wanataka mawe na chokaa, kama alivyojenga aliyejenga mwanzo. Chokaa nzuri Pemba haipatikani kwa wingi, na ukuta hausimami kwa dua peke yake. Kwa hiyo siku zangu ndizo hizo, asubuhi mpaka magharibi niko juu ya jukwaa la fundi.

Kuhusu masizi, usihangaike sana. Masizi huja na huenda, masika yakinyesha yataosha. Tahiri namfahamu tangu zamani, si mtu mbaya. Habari ya eneo tutazungumza.

Nduguyo,
Sabiri

*

Chongowe,
21 Machi 2024

Sabiri,

Ramadhani njema kwenu. Sisi tumefunga leo ya kumi, na futari mwaka huu ni muhogo na samaki, tambi zimekuwa za kusimuliwa. Goti nimelisahau. Mjukuu ameota jino kabla ya wakati na Nasra anaona kama ni kazi yake.

Nimekuuliza neno moja, umenijibu kwa karafuu. Haya, tuliache.

Jambo jipya ni kwamba amekuja afisa wa mambo ya kale, mwanamke, jina lake Praxeda, mtu wa bara lakini adabu anayo. Alivaa mtandio bila kuambiwa. Alipofika kwa Bibi wa Nguzo akainama. Akapitisha kidole kwenye lipu, akakitazama, akaniuliza moshi una muda gani. Nilipomwambia tangu mwaka jana akasema, "Mama, mwaka mmoja umefanya kazi ya miaka mia."

Alitueleza hivi. Moshi wa matairi unakaa juu ya jiwe, halafu mvua ikinyesha unageuka kuwa kitu kinachokula, na jiwe la matumbawe halina meno ya kujitetea. Kwa hiyo wewe unayeniambia masika yataosha, masika ndiyo yatakayotuangamiza.

Sikiliza na hili, maana ndilo kubwa. Magofu yetu hayamo kwenye orodha yao. Yakiingia, utawekwa mpaka na hakuna moto utakaowashwa ndani yake, si wa Tahiri wala wa mtu mwingine. Lakini foleni ya maombi ni ndefu, ni miaka. Kinachoweza kutusogeza mbele ni maandishi. Praxeda anasema kaburi la mwanamke, lenye nguzo na jina lake, na pengine na mwaka, ni kitu adimu pwani yote hii. Tarehe ishirini na tano Juni atarudi na mzee mmoja, Yakoub, anayesoma miandiko ya kale, waje wanakili. Alipiga picha zake lakini zilitoka giza tupu. Kwa kuinamia karibu ilisomeka bismillahi peke yake, ile aliyokuwa akitusomea shehe wetu.

Umenifahamu? Baada ya miaka yote hii jina lake litasomwa. Baba angekuwepo angechinja. Mimi nimelia mbele ya wageni, na silii ovyo, unanijua.

Alikataza watu wasiguse kitu mpaka arudi. Aliwaambia kina mwenyekiti na vijana wanaopenda kukaa juu ya makaburi wakipiga soga. Mimi alinishika mkono akasema, "Asante mama kwa kututunzia." Basi nitatunza. Baada ya Idd tutaosha makaburi kama tunavyoosha kila mwaka, wanawake wa nyumba yetu, ila mwaka huu nataka awe mweupe kama alivyokuwa tulipokuwa watoto. Wageni hawatamkuta bibi yangu na uso mchafu.

Semeni

*

Wete,
14 Aprili 2024

Dada yangu Semeni, shikamoo.

Idd ilikuwa njema, Alhamdulillahi, na kwenu naomba iwe hivyo. Kazija amekuwekea kitambaa cha dera. Suhaila alikuja, amekonda lakini ana afya.

Dada, nimekaa na barua yako wiki mbili bila kujua nianzie wapi. Juzi Suhaila aliiona juu ya meza akaisoma. Niliona uso wake unabadilika. Akaniuliza, "Baba, hilo tanuu liko eneo la nani?" Sikuweza kumwongopea mtoto.

Eneo ni langu. Ile nusu yangu nimempa Tahiri aichomee chokaa, na sehemu ya chokaa hiyo inavuka kuja kwenye msikiti ninaoujenga. Sikukwambia kwa sababu nilijua utakataa. Na liko baya zaidi. Tahiri alitaka kuchoma kwa magogo. Kukata mikoko ni marufuku na minazi ina wenyewe, akaniuliza afanye nini, na mimi, fundi wa miaka thelathini, nikamwambia matairi yanatoa moto mkali na hayana mwenyewe. Nilisema kwa simu, nikiwa nacheka. Nilijiambia ni kwa ajili ya nyumba ya Mungu. Naona haya, dada, hata kuandika naona haya.

Nimemwambia azime. Anasema tanuu limeshapangwa, atalichoma hili la mwisho kisha basi.

Sasa nakuomba jambo moja, na usinikasirikie kwanza ukalisahau. Kaburi mwaka huu msiliguse, hata kwa maji. Suhaila anasema lipu imeshalegea chini ya masizi na ukisugua unaondoka nayo. Najua mnaosha Alhamisi ya mwisho ya Mfunguo Mosi, kwa hiyo barua hii itakufikia mapema. Hija anavuka wiki ijayo.

Na lile dumu la rangi ya bluu nililoliacha stoo kwako nilipokuwekea vigae vya choo, lile la tindikali, nilikwambia linatoa kila doa. Linatoa kwenye vigae. Tumbawe ni chokaa tupu, tindikali hailisafishi, inaliyeyusha. Sidhani kama ungewaza kulitumia, lakini tangu Suhaila aniambie silali vizuri.

Nduguyo mkosaji,
Sabiri

*

Chongowe,
19 Aprili 2024

Sabiri,

Sote wazima. Barua yako bado sijaipata, kama umeandika.

Makaburi tumeosha jana, Alhamisi. Tulimaliza kufunga zile siku sita za baada ya Idd nikaona tusingoje mwisho wa mwezi, wingu lilikuwa limeshajaa na yule afisa alisema mvua isiyakute masizi. Nimeyatangulia masika.

Bibi wa Nguzo sasa ni mweupe.

Siandiki sana, vidole vinaniuma. Nasra anawasalimu.

Semeni

*

Wete,
3 Mei 2024

Dada Semeni, shikamoo.

Kazija mzima, sote wazima. Nimeipokea barua yako leo asubuhi na nimeisoma nikiwa nimesimama.

Amekuwa mweupe kwa kitu gani? Nijibu neno moja tu.

Nimempigia Nasra mara nne. Ananiambia mama yuko shambani, mama kalala, mama kaenda msibani. Sijapata kusikia mtoto yule akiongopa na hajui kuongopa. Vidole vinakuuma kwa nini?

Sabiri

*

Chongowe,
30 Juni 2024

Mdogo wangu,

Nasra mzima na wanawe wazima. Mvua zimekwisha. Mihogo imeoza shambani kwa maji, tutanunua ya watu.

Nimekaa kimya miezi miwili. Si kwa ajili ya kiapo. Ningeweza kukwambia kwa mdomo ningekwambia, lakini nikifungua kinywa kulisema jambo hili sauti haitoki. Kwa hiyo soma, usinikatize.

Tulikwenda wanne, mimi na Nasra na wake wawili wa Sele. Tukaosha makaburi madogo kwa maji ya kisima na fagio la chelewa, kama siku zote. Yakatakata kiasi chake. Kwa Bibi masizi hayakutoka. Yalikuwa kama lami, fagio linateleza tu. Nikawaambia wenzangu wakatangulie kupika, mimi nitamaliza. Kisha nikarudi nyumbani nikachukua lile dumu lako.

Sikufanya ujinga wa mtoto, Sabiri. Nilivaa glavu za kufulia. Niliziba pua. Nilichanganya na maji kama ulivyochanganya wewe chooni. Nikaanza na paji la maandishi, kwa kuwa ndilo walilolifuata wageni, nikaona ndilo linalostahili kuwa safi mwanzo.

Nikamwagia kwa kata. Likachemka. Povu likatoka jingi, linalia kwa sauti ndogo, na moshi mkali ukanipanda puani. Nikaona masizi yanabebwa na lile povu yanashuka chini na nikafurahi. Nakwambia kweli, nilifurahi. Nilidhani ni uchafu unaotoka. Nikaongeza. Povu likizidi naongeza, nasugua kwa brashi naongeza, mpaka kata ya tano au ya sita, na glavu imeshatoboka sikuhisi.

Nilipomwagia maji safi nikachuchumaa nitazame. Jiwe lilikuwa jeupe kama maziwa. Na halikuwa na kitu. Nilipapasa. Lilikuwa laini lenye vishimo vidogovidogo, kama sukari guru iliyolambwa. Nilipapasa kulia, nikapapasa kushoto, nikadhani nimekosea upande wa kaburi. Nikazunguka nguzo nzima nikitafuta maandishi upande mwingine, mimi ninayelijua kaburi lile kuliko ninavyoijua nyumba yangu. Nilizunguka mara tatu, Sabiri. Moshi wa Tahiri ulikuwa umelila kwa mwaka mzima likabaki na bismillahi yake. Mimi nililimaliza kabla ya adhuhuri.

Sikumwambia mtu. Nasra aliviona vidole akaelewa nusu, nikamnyamazisha. Barua yako ya kuniambia nisiguse ilinifikia siku sita baadaye. Niliisoma mpaka pale pa dumu la bluu nikaiweka chini nikatoka nje. Nilikasirika kwa ajili ya tanuu, na ninakasirika bado, usidhani nimesahau. Lakini hasira yangu haina mahali pa kusimama.

Sasa sikia aibu yangu ya pili. Tarehe ishirini na tano walikuja, Praxeda na yule Mzee Yakoub. Mzee amebeba miwani mitatu na karatasi za kunakilia, amevaa kanzu iliyopigwa pasi kama anakwenda kuoa. Alipiga magoti mbele ya paji. Akatazama. Akageuka akamtazama Praxeda. Akasema taratibu, "Mwanangu, umenileta kwenye kaburi gani?"

Praxeda alishika kichwa. Watu wakaanza kusema ni moshi, ni moshi wa Tahiri, na Tahiri mwenyewe alikuwa pale, ameitwa na mwenyekiti. Akasema moshi wake unatia weusi, hautii weupe. Wakamzomea. Mwenyekiti akasema atapelekwa polisi leo hii. Na mimi nikanyamaza. Nilisimama na fagio langu mkononi nikaacha mtu atukanwe mbele ya mkewe. Hesabu muda wa kuchemsha chai. Muda huo wote dada yako alinyamaza.

Ni Mzee Yakoub aliyenifanya niseme, na hakuniuliza kitu. Alikuwa bado amepiga magoti, amevua miwani, anapapasa jiwe kwa ncha za vidole kama kipofu, kulia, kushoto. Nilivyopapasa mimi. Nikashindwa. Nikasema, "Ni mimi. Nimemwosha kwa tindikali."

Mke wa Tahiri akaanza kulia, na mpaka leo sijui alikuwa akimlilia nani. Praxeda hakunitukana, na laiti angenitukana. Aliniuliza, "Mama, si nilisema pasiguswe?" Nikamwambia, "Nilidhani unawaambia wengine."

Semeni

*

Wete,
11 Julai 2024

Dada yangu, shikamoo.

Kazija ameisoma barua yako akajifungia chumbani. Suhaila nimemsomea kwa simu. Nilikwenda kazini nikachukua mwiko nikaurudisha. Ukuta ninaoujenga nimeutazama, na chokaa yake nimeitazama, na sikuweza kuigusa. Nimewaambia wazee wa msikiti ilikotoka na kilichotokea. Wameinamisha vichwa. Mmoja akasema haiwezekani kuibomoa, ukuta umeshafika kwenye madirisha.

Dumu lilikuwa langu, matairi yalikuwa maneno yangu, eneo ni langu. Wewe umekiri mbele ya watu. Mimi nakiri kwa karatasi, nikiwa ng'ambo ya bahari, na tofauti hiyo naiona.

Tahiri nimemwambia avunje tanuu, na nimemtumia barua mwenyekiti kwamba ruhusa nimeiondoa. Nusu yangu ya eneo naitoa yote iwe ndani ya mpaka wa magofu, nitatia sahihi popote watakapo.

Suhaila ana fikira moja. Anasema jina halijapotea kama liko pichani. Maharusi wote wa ukoo wetu hupelekwa kwa Bibi kupigwa picha, tangu enzi za kamera ya yule Muhindi wa Tanga mjini. Kusanyeni picha, zile za kabla ya moshi. Mimi nakutumia yetu na Kazija ya mwaka tisini na mbili. Sikutaka kuitazama kwanza, nimeitia kwenye bahasha hivyohivyo.

Nisamehe, dada, kama nafasi ipo.

Sabiri

*

Chongowe,
8 Septemba 2024

Mdogo wangu Sabiri,

Salamu kwako na kwa Kazija, na umwambie Suhaila nimemwombea dua. Mjukuu anatambaa. Goti ni lilelile. Vidole vimepona isipokuwa kimoja, hakihisi moto wala baridi.

Tanuu limevunjwa. Tahiri amehamia upande wa Moa, anapakia abiria kwa bodaboda ya shemeji yake. Nilimwendea kabla hajaondoka. Aliniambia, "Yameisha, Bi Semeni," na hakunipa mkono.

Picha tumekusanya. Nasra alizunguka nyumba kwa nyumba, Chongowe, Tongoni, mpaka Kigombe kwa wale waliozaliwa kwetu wakaolewa huko. Watu wametoa masanduku, wametoa albamu, mwingine alibandua picha ukutani na kioo chake. Tumepata kumi na tisa za kabla ya moshi. Praxeda alikuja na Mzee Yakoub, tukazipanga juu ya mkeka barazani.

Unaijua desturi yetu, na mimi niliijua, na hakuna hata mmoja wetu aliyeikumbuka. Bibi harusi haendi pale kusimama kando. Anaegemea. Anaweka mgongo wake kwenye maandishi, barabara, ili Bibi amsukume aende kwa mumewe na baraka. Mama alinibonyeza mabega mimi mwenyewe nilipokuwa nimesimama mbali, akasema shika vizuri, gusa.

Picha kumi na tisa, Sabiri, na migongo kumi na tisa. Yako na Kazija imo. Kazija amependeza, na maandishi yote yako nyuma ya shela lake. Mzee Yakoub alizichukua moja moja, akaziinamia na kioo chake cha kukuzia, akaziweka upande wa pili wa mkeka. Nilikuwa nikizihesabu zilizobaki, kumi, saba, nne.

Ya mwisho ilikuwa yangu, ya mwaka themanini na tatu. Siku ile nilikuwa nacheka, kuna mtu alisema neno, nikainua mkono kidogo kuziba mdomo. Kati ya kiwiko na kiuno pakaachika nafasi ya vidole viwili. Mzee Yakoub aliitazama muda mrefu sana. Kisha akasema, "Hapa pana neno. Linasomeka."

Nikamwuliza ni neno gani. Akasema, "Binti."

Nikamwambia endelea. Akaniambia, "Jina la baba yake linafuata baada ya neno hilo, na hapo pana mkono wako. Jina lake mwenyewe liko kabla ya neno hilo, na hapo pana mgongo wako, mama."

Nilikaa na picha ile mapajani. Msichana wa miaka ishirini na moja, amejaa hina, anacheka, na nyuma yake ndiko kuliko na jina, zima, halina masizi, halina tindikali. Nilitaka kumsogeza. Nilimwekea kidole begani, Sabiri, nikamsukuma, mbele ya watu, kama mwendawazimu. Nasra akanishika mkono.

Praxeda alikuwa amekuja na fomu ya kuandikisha magofu. Anasema wataipokea, eneo lako limesaidia, na mpaka utawekwa hata kama itachukua muda. Moshi hautarudi. Akaijaza palepale barazani, akitusomea kila mstari kwa sauti ili tukubali. Kwenye mstari wa jina la aliyezikwa aliuliza kama tuna lolote la kuongeza. Nasra akatikisa kichwa. Akaandika: binti, jina halijulikani.

Mstari wa chini yake ni wa mtunzaji wa kaburi. Hapo hakuuliza. Aliandika Semeni Haji, kwa herufi kubwa zinazosomeka vizuri, akanigeuzia karatasi nitie sahihi. Nimetia.

Dada yako